Kinachoufanya mtaa uwe mji: jibu kwa mwalimu wa Kiamunyi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na nimejenga Kiamunyi, Nakuru, kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tunaambiwa tunaishi jijini, na kweli nyumba za ghorofa nne na tano zinajengwa huku na huku. Hata hivyo, ikifika saa moja jioni barabara ya kwetu haina mtu. Dada yangu amepanga Kondele, Kisumu. Nyumba nyingi za huko ni za kawaida tu, lakini ukishuka kwenye matatu unajua umeingia mjini. Ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu ajihisi yuko mjini katika mtaa mmoja na yuko viungani katika mwingine? Nauliza pia kwa sababu nafikiria kujenga vyumba vya kupangisha mbele ya nyumba yangu, na ningependa kujua kama mji utanifikia."

Jibu:

Mwalimu, tuiweke kando kwanza hadhi ya jiji, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi wanaoniuliza swali hili. Nakuru ilikabidhiwa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, baada ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 kufanyiwa marekebisho mwaka 2019 na kiwango cha chini cha wakazi kushushwa kutoka 500,000 hadi 250,000. Kisumu inaitwa jiji tangu mwaka 2001, ilhali sensa ya mwaka 2019 iliikuta ikiwa na wakazi wasiofika 398,000 na Nakuru ikiwa na zaidi ya 570,000. Kama idadi ya wakazi ndiyo ingeleta hisia ya mji, basi dada yako ndiye angekuwa na malalamiko, si wewe. Hati inahusu usimamizi: nani aketi kwenye bodi, nani awe meneja wa jiji, fedha zigawanywe vipi. Haibomoi ukuta wala haifungui duka. Huko kwenu Nakuru kuna mtaa unaoitwa London, na sijasikia mkazi wake akidai kwamba jina hilo limemwongezea chochote.

Jambo la pili ambalo watu hulitaja upesi ni umbali kutoka katikati ya mji, nalo pia halisimami. Tazama Milimani, ya Nakuru na ya Kisumu. Zote mbili ziko jirani kabisa na ofisi na maduka, kiasi kwamba mtu anaweza kutoka kazini akafika nyumbani kwa miguu kabla hajaanza kutokwa jasho. Hata hivyo, ukiingia humo unakuta miti mirefu, nyua pana, mabawabu wameketi kwenye viti vya plastiki nje ya mageti, na barabara ambayo mpita njia asiyejulikana hutazamwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Kaptembwo iko mbali zaidi, magharibi mwa Nakuru, na hakuna anayeshuka pale akadhani ameingia viungani.

Sababu ya jambo hilo ni ya kihistoria, na inafaa ielezwe kwa sababu bado tunaishi ndani yake. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence ambapo leo ni Kisumu, na Nakuru nayo ilichipuka kandokando ya stesheni yake mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, bingwa wa tauni kutoka Uingereza, alizunguka miji ya eneo hili akapendekeza kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengewe maeneo yao, na kati ya maeneo hayo pawe na ardhi iliyo wazi. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Matokeo yake yalikuwa ramani ya mji. Wazungu walipewa miinuko yenye upepo na ploti kubwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wakapata ploti nyembamba karibu na stesheni, wajenge duka mbele na kulala nyuma au juu yake. Waafrika wakawekwa kwenye nyumba za baraza la mji, kama zile za Bondeni huko kwenu, au wakaachwa kwenye ardhi yao nje ya mpaka, kama watu wa Manyatta na Nyalenda, ambao mpaka wa Kisumu uliwafikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kiunga chetu cha kwanza kilijengwa palepale mlangoni pa mji. Marekani mambo yalikwenda kinyume: baada ya mwaka 1945, mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali, na kisha barabara kuu zilizojengwa kwa sheria ya mwaka 1956, ziliwavuta watu wa tabaka la kati hadi mbali kabisa na katikati ya mji. Filamu zao ndizo zilizotufundisha kwamba kiunga ni umbali. Kwetu kiunga ni ukubwa wa ploti na urefu wa ukuta.

Hapo ndipo tunapokaribia jibu. Ninavyoona mimi, mtaa huwa mji pale ambapo mtu asiyejulikana ana sababu ya kupita na ana mahali pa kusimama bila kuulizwa anamtafuta nani. Mengine yote, yaani ghorofa, lami, taa na idadi ya watu, ni muhimu kwa kadiri yanavyosaidia au kuzuia hali hiyo. Na pa kwanza pa kuangalia ni ule mstari ambapo ploti inakutana na barabara.

Simama mbele ya ploti yako, Mwalimu, uitazame barabara ya kwenu. Upande wa mbele wa ploti ya hamsini kwa mia una futi 50, karibu mita 15. Ikiwa kila jirani amejenga ukuta wenye geti moja, mita 100 za barabara zina mageti sita au saba kila upande, na karibu yote yamefungwa. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida wa kilomita tano kwa saa hukutana na geti moja kila baada ya sekunde kumi na moja hivi, na kati ya geti na geti hana cha kutazama ila mawe ya ukuta na vipande vya chupa vilivyopandwa juu yake. Kwenye ploti za nusu ekari za Milimani, zenye upande wa mbele wa mita 35 au zaidi, ni geti moja kila baada ya sekunde ishirini na tano au zaidi. Sasa chukua futi 50 zilezile uzipeleke Kondele. Vyumba vya duka vya kule vina upana wa futi kumi hivi, basi ploti moja inatoa milango mitano: duka la dawa, kinyozi, wakala wa M-Pesa, fundi wa simu, na mtu anayeuza malimali na kuchaji betri. Mbele yao, juu ya ukingo wa mtaro, mama ameketi na omena yake ndani ya beseni, anapima kwa gorogoro, na pembeni yake kuna kijana mwenye toroli la miwa. Katika mita 100 mpita njia anakutana na milango thelathini hivi, na kila sekunde mbili au tatu kuna kitu kipya cha kutazama, cha kununua au cha kusalimia. Nyumba yenyewe inaweza kuwa ya mabati, isiyo na ghorofa hata moja. Ndiyo maana nakuambia kwamba zile nyumba za ghorofa tano mnazoziona zikijengwa Kiamunyi hazijawaletea mji: nyingi zimerudishwa nyuma, zimezungushiwa ukuta, na kaya ishirini zinatoka na kuingia kwa geti moja. Kwa mtu aliye barabarani, jengo hilo na nyumba ya mjane aliyestaafu ni kitu kimoja.

Wahindi waliojenga maduka ya Kisumu walilielewa jambo hili bila kusomea. Ukipita sehemu za zamani za Barabara ya Oginga Odinga utaona kwamba paa la duka limetokeza nje na kufunika njia ya watembea kwa miguu, likishikiliwa na nguzo. Kisumu iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, na saa nane mchana jua lake halina huruma. Kivuli cha varanda hiyo ndicho kinachomfanya mtu apunguze mwendo, aegemee nguzo, aangalie bidhaa iliyotundikwa mlangoni. Fundi cherehani akaweka mashine yake hapo. Muuza magazeti akatandika. Nakuru, iliyo juu zaidi na yenye baridi, haikulihitaji paa hilo kwa kiasi kilekile. Lakini kanuni ni ileile: jengo limeigusa njia, na limempa mpita njia kitu fulani, kivuli, ngazi ya kukalia au kioo cha kutazama, pasipo kumdai chochote.

Ila mlango peke yake hautoshi kama hakuna wa kupita mbele yake. Hapa tunaingia kwenye mpangilio wa barabara, na kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa zaidi la Kiamunyi na la viunga vingi vya Nakuru. Sehemu kubwa ya ardhi inayoizunguka Nakuru ilikuwa mashamba ya walowezi ambayo baada ya uhuru yalinunuliwa na makampuni na vyama vya kununua ardhi, yakagawanywa kwa wanahisa, na baadaye kila mwanahisa akagawanya kipande chake kwa wanunuzi wa ploti. Kila mgawanyo ulifanywa peke yake. Mpima ardhi aliajiriwa na mwenye kipande apate ploti nyingi kadiri iwezekanavyo, basi alichora njia moja inayoingia katikati, akapanga ploti kushoto na kulia, na njia ikaishia kwenye ua wa jirani. Jirani naye akafanya vivyo hivyo kutoka upande wake. Matokeo ni kwamba watu wawili wanaoishi wakipakana ukuta wanaweza kulazimika kutembea nusu kilomita ili kubisha hodi. Njia ya namna hiyo hupitwa na wenyewe tu: kila anayeonekana humo ni mkazi, mgeni wa mkazi, au mtu wa kushukiwa. Hakuna duka linaloweza kuishi kwa wateja wa kaya kumi na sita.

Linganisha na Kondele. Barabara kuu inayotoka katikati ya Kisumu kwenda Kakamega inapita hapo. Barabara ya Ring Road inaanzia hapo ikielekea Manyatta na Nyalenda. Hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iko karibu. Soko la Kibuye liko njiani ukirudi mjini. Yeyote anayetoka pembe moja ya Kisumu kwenda nyingine ana nafasi kubwa ya kushuka Kondele, hata kama hana jamaa wala shughuli hapo, akabadilisha gari, akanunua ndizi, akapigwa na mvua akajikinga chini ya barabara ya juu. Mtaa huo unalishwa na watu wasioishi ndani yake.

Urefu wa vipande vya ardhi kati ya barabara na barabara ni jambo ambalo wapangaji wa miji hulipima popote wanapokwenda. Huko Marekani, katikati ya mji wa Portland, Oregon, kipande kimoja kina upande wa mita 61 tu, na katikati ya Salt Lake City kina mita 201. Miji yote miwili ilichorwa kwa mistari iliyonyooka na yote ina majengo marefu, lakini katika ule wa kwanza mtu ana kona ya kukata kabla dakika moja haijaisha, na katika wa pili hutembea karibu dakika mbili na nusu kabla hajafika kona. Kona ni mahali pa biashara, kwa sababu watu wa njia mbili hukutana hapo. Ukizipunguza kona, umepunguza maduka, na ukizifunga kabisa kwa njia zisizotokea upande wa pili, umebakiza kona moja tu: ile ya kutokea barabara kuu. Nadhani umegundua kwamba kwenu maduka yote, wauza mboga wote na bodaboda zote ziko hapo. Bodaboda, kwa kweli, ndiyo iliyowezesha hali hiyo kudumu. Zamani mtu aliyejenga ndani sana alilazimika kulilia duka karibu au kuhama. Siku hizi anapiga simu, unga unaletwa mlangoni, na njia yake inabaki vilevile.

Nije kwenye wingi wa watu, ambao umeuita kwa jina la ghorofa. Una uzito wake, na hesabu yake si ngumu. Ploti ya hamsini kwa mia ina mita za mraba 465 hivi. Ukitoa robo ya ardhi kwa ajili ya barabara, hekta moja inabaki na ploti kama 16. Mwendo wa dakika tano kwa miguu ni mita 400, na duara lenye nusu kipenyo cha mita 400 lina hekta 50, yaani ploti 800. Ikiwa kila ploti ina kaya moja, mwenye duka katikati ya duara ana kaya 800 za kutegemea. Ikiwa nusu ya ploti bado zimepandwa mahindi zikingoja bei ipande, ana kaya 400. Ikiwa kila ploti ina vyumba kumi vya kupangisha, kama ilivyo desturi Kaptembwo au Manyatta, ana kaya 8,000. Kisha kumbuka kwamba hesabu ya duara inadhani mtu anaweza kutembea moja kwa moja. Pale njia zinapoishia ukutani, sehemu kubwa ya duara haifikiki kwa dakika tano, na zile kaya 400 zinaweza kupungua hadi zikawa 150. Ndipo utaona kwa nini duka moja la Kiamunyi linafunga saa moja jioni na maduka yaliyopangana huko Manyatta yanafunga saa nne usiku, ingawa mkazi wa Kiamunyi huenda ana mshahara mkubwa zaidi.

Kuna kizuizi kingine cha wingi huo ambacho wenye ploti hukigundua wakiwa wamechelewa, nacho kiko chini ya ardhi. Mtaa usio na mabomba ya maji taka ya umma hutegemea tangi la choo na shimo la kunyonyea, vitu vinavyokula nafasi ndani ya ploti, visivyotakiwa karibu na kisima wala msingi wa nyumba, na vinavyojaa upesi kaya zikiongezeka. Mwenye kujenga vyumba ishirini mahali pa namna hiyo ataishi akiita lori la kunyonya uchafu, na gharama hiyo itakula kodi. Mitaa ya katikati ya miji yetu haikujaa watu kwa sababu wakazi wake wanapenda kubanana. Kwa sehemu fulani ilijaa kwa sababu bomba lilikuwa limeshapita.

Mwandishi wa Kimarekani Jane Jacobs alitaja mwaka 1961 masharti manne ya mtaa wenye uhai: matumizi ya ardhi yaliyochanganyika, vipande vifupi kati ya barabara, watu wengi wa kutosha, na majengo ya umri tofauti, yakiwemo ya zamani. Hilo la nne huwashangaza wengi, lakini kwetu lina maana kubwa. Jengo jipya lina deni, na mwenye jengo lazima atoze kodi ya kulilipa deni hilo. Fundi viatu, mwenye kuanza kushona sare, au anayerekebisha redio hawezi kuimudu. Chumba cha zamani cha Bondeni au Shauri Moyo ya Kisumu, ambacho gharama yake ilisharudi miaka mingi iliyopita, ndicho humpokea. Mitaa mipya kama Kiamunyi haina chumba cha namna hiyo hata kimoja, kwa kuwa kila kitu kilijengwa juzi. Kinachoziba pengo ni kibanda cha mabati kwenye akiba ya barabara, yaani ardhi iliyoachwa wazi kando yake. Ninaposikia wakazi wakidai vibanda vyote viondolewe kwa kuwa vinaharibu sura ya mtaa, hujiuliza kama wanajua kwamba wanaomba kuondolewa kwa sehemu pekee ya mtaa wao iliyokwisha kuwa mji. Sisemi vizibe njia ya miguu au mtaro. Vipangwe, vipewe maji na taa, vikae.

Kuhusu mchanganyiko wa matumizi, kinachohesabika zaidi ni saa. Mtaa wa kulala huwatoa watu wote saa kumi na mbili asubuhi na kuwarudisha wote jioni, na katikati hapo hubaki yaya, mtoto na bawabu. Karibu na Kondele, wauguzi wa zamu ya usiku hutoka wakati wanafunzi wanaingia barabarani. Saa nne wagonjwa na jamaa zao wanatafuta chai. Mchana ni wafanyabiashara wa Kibuye. Jioni ni samaki wa kukaanga na abiria wa Kakamega. Usiku ni nyama choma na muziki. Kila kundi linaliachia kundi lijalo barabara ikiwa bado ina joto. Hiyo ndiyo sababu dada yako haogopi kutembea saa mbili usiku kwenye barabara kuu, ilhali wewe unaogopa kwenu kwenye kimya. Kwa hili sitaki kutia chumvi: vichochoro vya nyuma ya Kondele vina hatari zake, na wakazi wanavijua.

Kipimo rahisi ambacho hakihitaji mtaalamu ni matatu. Pale ambapo gari hukaa steji likingoja lijae, uko viungani. Pale ambapo halizimi injini kwa sababu abiria hawakatiki, uko mjini.

Usinielewe kwamba nauona mji kuwa bora kuliko kiunga. Nyalenda ina milango, wapita njia na mchanganyiko wa kila aina, lakini kila masika sehemu zake za chini huingiwa na maji, na mzazi anayepanga kuhamia mahali penye bustani na utulivu ana haki yake. Ninachokipinga ni ile dhana kwamba mtaa utageuka mji wenyewe kwa kungoja, mradi ghorofa ziongezeke. Milimani zimengoja zaidi ya miaka mia moja zikiwa hatua chache tu kutoka mjini, na mahali zilipoanza kubadilika ni kwenye kingo zake tu, ambako nyumba za zamani zimegeuzwa kliniki, ofisi za mawakili na hoteli ndogo.

Sasa ujenzi wako. Kiamunyi haitabadilika yote kwa pamoja. Barabara ya kwenda Kabarak ina lami, ina magari na ina watu wa Chuo Kikuu cha Kabarak wanaopita, kwa hiyo ploti zinazoikabili zitaendelea kuwa maduka chini na vyumba juu, na ukanda huo utakuwa mji kamili. Njia za ndani zinazounganisha barabara mbili zitafuata polepole. Njia zilizofungwa zitabaki viunga hata zikijengwa ghorofa saba. Kabla ya kumwita mchoraji, tafuta ramani ya upimaji ya eneo lako uone njia yenu ni ya aina gani kwenye karatasi, kwa sababu wakati mwingine njia ilichorwa ipite na jirani akaifunga kwa ua wa michongoma au kwa ukuta. Hiyo inaweza kudaiwa ifunguliwe kupitia ofisi ya mipango ya kaunti. Pale ambapo haikuchorwa kabisa, majirani wawili wanaopakana mwishoni mwa njia wakikubali kuachia kichochoro cha miguu cha mita mbili, thamani ya ploti zote za pande mbili inaweza kubadilika, lakini waandikishane rasmi, wasitegemee maneno.

Kisha chagua asubuhi moja ya siku ya kazi na jioni moja, ukae mahali unapoiona njia, uhesabu watu usiowajua wanaopita kwa nusu saa. Wakiwa wengi kuliko unaowajua, jenga mbele: vyumba viwili au vitatu vya duka milango yake ikitazama barabara, bila ukuta mbele yake, paa limetokeza kiasi cha kumkinga mtu na mvua, na geti la wapangaji kando. Vyumba vya kulala viwe juu au nyuma. Utahitaji ruhusa ya kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi hadi makazi na biashara, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na utahitaji kuthibitisha mapema tangi la choo litakaa wapi. Wakiwa wachache, au hawapo kabisa, achana na maduka na usijenge vyumba kimoja kimoja, kwa sababu mpangaji wa chumba kimoja hutafuta mahali anapoweza kufika kazini na sokoni kwa miguu, na kwenu hatapata. Jenga nyumba mbili za vyumba viwili vya kulala zenye nafasi ya gari na kipande cha sukuma wiki. Walimu wenzako wenye watoto, wanaotoroka kelele za Kaptembwo na Free Area, watazichukua kabla hujapaka rangi.